Nyumba Isiyo na Kuta: Sayansi ya Kuhama Pasipo Kuvunja Vyombo Wala Kumwaga Siri

Mwaka 1989 baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi katika Nyaishozi, wilayani Karagwe, alipata barua ya uhamisho. Kituo chake kipya kilikuwa kaskazini, katika sehemu ambayo tangu mwaka 2012 imekuwa Wilaya ya Kyerwa. Lori lililokuwa limeleta bidhaa dukani lilikuwa likirejea upande huo likiwa tupu, na dereva akakubali kutuchukua kwa bei nafuu, kwa sharti kwamba tupakie upesi. Tulipakia saa sita mchana, siku ya gulio, mbele ya macho ya kila mtu aliyekuja kuuza ndizi na kununua chumvi.

Hasara ya safari ile ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza tuliigundua jioni hiyo hiyo: kati ya sahani kumi na mbili za udongo ambazo mama alipewa siku ya harusi yake, tano tu ndizo zilizofika nzima. Ya pili ilichukua wiki tatu kutufikia. Katika haraka ile tuliliacha nyuma boksi moja la karatasi kuukuu, tukitumaini kulirudia. Mtu aliyeingia katika nyumba ile baada yetu hakuwa na nia mbaya. Aliona karatasi zisizo na mwenyewe, akampa jirani aliyekuwa akiuza karanga. Basi barua ya shangazi yangu, aliyomwandikia mama kutoka hospitalini akieleza ugonjwa wake, ikakunjwa kuwa pakiti, ikatiwa karanga, ikauzwa sokoni. Aliyeinunua alijua kusoma. Shangazi alipotoka hospitalini alikuta habari zake zimemtangulia nyumbani.

Mama alizisahau zile sahani. Ile barua hakuisahau kamwe.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha vizuri hali ya mtu anayehama. Nyumba, tukiitazama kwa jicho la kisayansi, hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Huzuia nguvu za nje, yaani mvua, upepo, jua na mikono ya watu, zisivifikie vitu vilivyomo. Na huzuia habari za ndani zisitoke nje. Siku ya kuhama kazi zote mbili husimama. Kwa siku moja au mbili jamaa nzima huishi katika nyumba isiyo na kuta. Katiba yetu inazitambua pande zote mbili: Ibara ya 16 inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake, na Ibara ya 24 inalinda haki yake ya kumiliki mali. Lakini Katiba haipandi lori. Hapana budi mwenye kuhama ajijengee kuta za muda yeye mwenyewe, na kuta hizo zinaweza kujengwa kwa vitu vilivyopo kijijini, mradi ajue kanuni zake.

Kwa nini sahani huvunjika

Natuanze na sahani, kwa kuwa jambo lake linapimika. Tuseme sahani inaanguka kutoka kimo cha mita moja. Ifikapo chini itakuwa na mwendokasi wa mita 4.4 hivi kwa sekunde. Kuanguka peke yake hakuivunji. Inayoivunja ni namna ya kusimama. Ikiangukia sakafu tupu ya lori, itasimama katika umbali mdogo mno, tuseme milimita mbili. Hapo kani ya wastani inayoipata ni sawa na uzito wake ikizidishwa kwa uwiano wa umbali wa kuanguka na umbali wa kusimama: milimita 1,000 kwa milimita 2, yaani mara 500. Sahani ya gramu 400 itajikuta, kwa muda mfupi usiofika kufumba na kufumbua, imebebeshwa mzigo wa kilo 200. Hayo ni magunia mawili ya mahindi ya kilo mia. Ni sahani gani itakayostahimili?

Sasa tuitandikie majani makavu ya mgomba yanayoweza kubonyea sentimita nne. Umbali wa kuanguka haukubadilika, wala uzito, wala mwendokasi. Kilichobadilika ni umbali wa kusimama: milimita 40 badala ya 2. Uwiano unakuwa 25, na mzigo unashuka kuwa kilo 10. Hesabu hii ni ya makadirio, kwani majani hayabonyei kwa usawa toka mwanzo hata mwisho, lakini inatosha kuonyesha kwamba kazi ya majani ni kurefusha safari ya mwisho ya sahani, sio tu kuifanya ilale pahali laini. Ndiyo maana majani yaliyokwisha kushindiliwa yakawa magumu hayafai kitu, hata yakiwa mengi. Yanatakiwa majani yenye hewa ndani yake. Sisi wa Karagwe, ambao tumezungukwa na migomba, tunacho kifaa hiki bure nyuma ya nyumba, na maganda makavu ya shina hufaa kama yafaavyo majani.

Kuna kosa jingine, nalo tulilifanya: tulizipanga sahani bapa, moja juu ya nyingine. Udongo uliochomwa una tabia ya ajabu. Ukisukumwa kutoka pande mbili ili ujibane, huvumilia sana. Ukivutwa ili utanuke, hupasuka upesi. Sahani iliyolala bapa na kubebeshwa wenzake kumi na moja hupinda kidogo, na upande wake wa chini hutanuka. Ufa huanzia hapo. Sahani ile ile ikisimamishwa kwa ukingo wake, kama vitabu katika rafu, huwa ngumu kupinda, na kila moja hubeba uzito wake yenyewe. Mabibi wengi wanalijua hili bila kusoma fizikia. Sisi tuliosoma ndio tunaolisahau.

Barabara nayo ina sehemu yake. Wasomaji waliosafiri katika barabara za changarawe wanayajua yale makunyanzi yanayokatisha njia, ambayo hulifanya gari litetemeke hata meno yakagongana. Tuseme kutoka kunyanzi moja hadi jingine ni sentimita 70, na lori linakwenda kilometa 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Magurudumu yatapigwa mara 14 kila sekunde. Kwa mtetemo wa haraka namna hiyo, sakafu ya lori ikipanda na kushuka milimita moja na robo tu kutoka pahali pake pa kawaida, mchapuko wake unalingana na ule wa uvutano wa dunia. Ikizidi hapo kidogo, chochote kisichofungwa huruka na kugonga tena, mara kwa mara, kwa saa nzima. Dereva akipunguza mwendo kwa nusu, mapigo huwa saba kwa sekunde, na sasa sakafu itahitaji kupanda milimita tano ndipo mzigo uruke. Mwendo umepungua mara mbili, lakini usalama umeongezeka mara nne, kwa kuwa mchapuko hufuata mraba wa idadi ya mapigo. Mwalimu wa kidato cha tatu au cha nne anaweza kuliweka jambo hili ubaoni kama zoezi. Wanafunzi wake wote wamekwisha kulihisi mgongoni.

Kutokana na hayo, vitu vinavyovunjika visiwekwe nyuma kabisa ya lori, kupita ekseli ya mwisho, kwa sababu hapo sakafu hupanda na kushuka zaidi. Viwekwe katikati, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na vikazwe kwa kamba pamoja na magodoro. Vitabu vitiwe katika maboksi madogo. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30 likijaa vitabu huweza kupita kilo 25, na boksi zito sana ndilo linaloangushwa, kwa kuwa utingo naye ni binadamu anayechoka.

Jaribio moja lafaa kufanywa shuleni. Chukueni mayai, kamba, rula na majani makavu ya mgomba. Fungeni kila yai kwa unene tofauti wa majani, mliangushe kutoka vimo mbalimbali, muandike ni unene upi uliolinda yai kutoka kimo kipi. Mtaona kwamba kimo kikiongezeka maradufu, unene unaotakiwa nao huelekea kuongezeka hivyo hivyo. Mayai yatakayopasuka yafanyieni hesabu ya chakula cha jioni.

Namba badala ya jina

Nageukia sasa upande wa pili, ambao katika vitabu vya sayansi vya shule hautajwi sana, ingawa hasara yake ni kubwa zaidi. Kitu kinapotoka nyumbani huwa kinasema. Sanduku la bati lenye kufuli kubwa husema: ndani yangu mna thamani. Boksi lililoandikwa "redio na saa" halina hata haja ya kufuli ili limwite mwizi. Limekwisha kumwita kwa jina.

Dawa yake ni rahisi. Kila boksi lipewe namba tu, 1, 2, 3 na kuendelea. Orodha inayoeleza namba 5 ina nini na namba 9 ina nini iandikwe katika daftari dogo, na daftari hilo likae mwilini mwa mwenye nyumba, si katika lori. Maboksi yote yafanane kwa nje kadiri iwezekanavyo. Mtazamaji ataona maboksi kumi na manne, lakini hatajua aanze na lipi. Hapa tumefuata kanuni iliyoandikwa mwaka 1883 na Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyefundisha lugha nchini Ufaransa. Akizungumzia maandishi ya siri ya majeshi, alisema kwamba mfumo mzima unaweza kuangukia mikononi mwa adui pasipo madhara, ilimradi ufunguo wake umebaki siri. Ndivyo ilivyo kwa maboksi yetu. Hata utingo akijua kwamba umetumia namba, hajapata kitu maadamu hana daftari. Isitoshe, daftari hilo ndilo ushahidi wako unapofika na kukuta maboksi kumi na matatu.

Kufuli na lakiri

Watu wengi huchanganya kazi ya kufuli na kazi ya lakiri. Kufuli huzuia mkono. Lakiri haizuii chochote; mtoto mdogo anaweza kuivunja. Kazi yake ni kushuhudia kwamba mkono umepita. Zaidi ya miaka elfu tano iliyopita, katika miji ya Mesopotamia, watunza ghala walipaka udongo mbichi juu ya fundo la kamba iliyofunga mtungi au mlango, kisha wakakandamiza mhuri juu yake. Aliyetaka kufungua ilimpasa auvunje udongo, na hakuweza kuurudisha ulivyokuwa kwa kuwa hakuwa na mhuri ule.

Mtu anayehama hana haja ya mhuri wa mfalme. Gundisha karatasi nyembamba juu ya mfuniko wa boksi, tia saini yako ikivuka kutoka karatasi hadi boksi. Au funga kwa uzi wa rangi usiopatikana duka la karibu, kwa fundo unalolijua wewe. Faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtu aliyeibiwa anajua ameibiwa, lakini mtu ambaye barua zake zimesomwa kisha zikarudishwa hajui kitu, na asiyejua hawezi kujihadhari. Mali ikichukuliwa huacha pengo. Habari ikichukuliwa hubaki pale pale ilipokuwa, na ndiyo sababu wizi wake hauonekani bila lakiri.

Karatasi zisizohamishwa

Sasa nirudi kwenye lile boksi la karanga. Kabla ya kuhama, karatasi zote zitengwe mafungu mawili: zinazokwenda na zinazokufa. Fungu la tatu, la "tutarudi kuzichukua", lisiwepo. Katika fungu la kufa mtakuta kadi za kliniki, hati za mishahara, nakala za vitambulisho, risiti zenye namba za simu, na kwa walimu, orodha za alama za wanafunzi. Hizi za mwisho si mali ya mwalimu peke yake, ni siri za watoto wa watu.

Kuchana vipande viwili hakutoshi. Mtu mvumilivu huviunganisha. Kuchoma ni bora, lakini karatasi iliyochomwa ikiwa bunda hubaki na kurasa nyeusi nzima nzima, na maandishi juu yake huweza bado kusomeka kwa mwanga wa pembeni. Wachunguzi wa makosa ya jinai hufanya hivyo. Kwa hiyo majivu yapondwe na yachanganywe na maji. Njia ninayoipenda mimi haihitaji moto. Karatasi ni nyuzinyuzi za mimea zilizoshikana zilipokuwa zikikauka, na maji huzilegeza. Loweka karatasi katika ndoo usiku kucha, asubuhi zitwange kwa mchi kuukuu mpaka ziwe uji, kisha umwage uji huo shambani chini ya migomba pamoja na matandazo mengine. Hakuna atakayeifungia karanga.

Simu ni boksi la karatasi la siku hizi. Watu wengi wanapohama huuza au humgawia mtu simu ya zamani, wakiamini kwamba wamekwisha kufuta kila kitu. Katika vifaa vingi, hasa kadi za kumbukumbu, kufuta jalada ni kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo katika kitabu: sura zenyewe zimebaki, na mwenye programu inayofaa huzisoma. Simu nyingi za miaka ya karibuni huhifadhi habari kwa maandishi ya fumbo, na mtu akiirudisha simu katika hali ya kiwandani, ufunguo wa fumbo hilo hutupwa. Hapo Kerckhoffs hufanya kazi kwa faida yetu. Kadi ya kumbukumbu itolewe na ibaki kwako. Laini nayo usiiache ikafa huku bado imefungwa na akaunti yako ya fedha au ya benki, kwa maana namba iliyolala kwa muda mrefu huweza kugawiwa mtu mwingine, na ujumbe wako ukamfuata yeye.

Jambo la posta linawahusu walimu hasa. Kwetu barua hazikuzoea kubisha hodi mlangoni. Hufikia sanduku la posta, na mwalimu mara nyingi hutumia sanduku la shule. Anapohamishwa, barua zake huendelea kufika katika ofisi asiyokuwamo tena. Nilipokuwa masomoni Ujerumani nilishangaa kuona kwamba mtu akihama hulipa ada ndogo na posta humpelekea barua zake kwenye anwani mpya, na kwamba sheria inamtaka aiarifu serikali ya mji anwani hiyo ndani ya wiki mbili. La kwanza nililipenda. La pili lilinifanya nifikiri, maana nasi tuna desturi ya mgeni kujitambulisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, na sioni ubaya wake, mradi daftari la mwenyekiti lisiwe gazeti la kijiji. Tangu 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, ambayo inamtaka anayekusanya habari za mtu azikusanye kwa kusudi linalojulikana na azilinde. Mwenye kuhama anaposajiliwa ana haki ya kuuliza kwa heshima: hizi ni za kazi gani?

Pale usipokuwapo wasaa

Yote niliyoyaeleza yanadhani kwamba mtu ana wasaa. Mkoa wa Kagera unajua kuhama kusiko na wasaa. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978, wakazi wa kaskazini ya Mto Kagera walikimbilia kusini wakiwa na walichoweza kubeba. Alasiri ya 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha na kupasua maelfu ya nyumba, na watu wakalala nje huku vyombo vyao vikiwa wazi kwa kila apitaye. Siku hiyo mfano wangu wa nyumba isiyo na kuta haukuwa mfano tena.

Mwaka 1994 upande wa pili wa mto, nchini Rwanda, kitambulisho chenyewe kilikuwa hatari. Tangu utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930, kadi ya kila mtu ilitaja kabila lake, na katika vizuizi vya barabarani neno hilo moja liliamua nani apite na nani auawe. Wakimbizi waliovuka kuingia Ngara na Karagwe waliweza baadaye kutafuta jamaa zao kwa barua za Msalaba Mwekundu, ambazo husafiri wazi, bila kubandikwa, zikiwa na habari za kifamilia tu. Barua isiyo na siri hupita pale ambapo barua iliyofungwa ingezuiwa. Katika hali ya namna hiyo ukuta haujengwi kwa gundi. Hujengwa na mwandishi mwenyewe, kwa kuchagua la kuandika na la kuacha.

Kwa hiyo kila nyumba ifaa iwe na mfuko mmoja usio mkubwa, ambao mtu anaweza kuunyakua gizani: vyeti vya kuzaliwa na vya shule, hati ya ardhi, kadi za matibabu, fedha kidogo, vyote ndani ya plastiki dhidi ya mvua. Usitiwe ndani yake kitu ambacho hungependa kisomwe na askari usiyemjua.

Miaka michache iliyopita nilimhamisha mama kutoka Karagwe kuja kukaa nasi Dar es Salaam. Nilifanya kila kitu kama nilivyokiandika hapa: maboksi kumi na manne yenye namba, daftari mfukoni, sahani zimesimama wima katika majani makavu ya mgomba, uzi mweusi katika kila boksi. Baada ya siku tatu lori lilifika. Hakuna sahani iliyovunjika, na mwanangu alizihesabu mara mbili: zilikuwa tano, zile zile za mwaka 1989. Lakini boksi namba 9, lililoandikiwa katika daftari "karatasi za mama", lilikuwa limefungwa kwa uzi wa buluu.

Tulilifungua, tukalinganisha na orodha. Hakikupotea kitu. Nilianza kukasirika, nikataka kumpigia simu mwenye lori.

"Mwache, baba," mama akaniambia. "Mle mna risiti za kahawa tu."

Kisha akainua kile kikapu alichokipakata tangu Karagwe, ambacho hakukubali nikipokee hata kituoni, akatoa chini ya kanga bunda la barua lililofungwa kwa uzi mweusi.

Fundo lilikuwa lake.